Alteneta Kubwa, Waya Ule Ule

Leo nataka tufungue boneti.

Pita kwenye gereji za Gerezani hapa Dar es Salaam, au nenda Nairobi kwenye maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga, au Kampala katika soko la Kisekka. Kote huko utalisikia ombi hili: "Fundi, nataka alteneta kubwa." Anayeomba ana sababu zake. Huyu ana Noah aliyoifunga amplifaya na sabufa mbili. Yule ana matatu ya Nairobi, na vijana wa Nairobi huchagua matatu kwa muziki wake, skrini zake na taa zake za rangi. Mwingine anapeleka wageni Serengeti na Ngorongoro kwa Land Cruiser, na ndani yake ameweka friji ya vinywaji na inveta ya kuchajia kamera. Wote wana kilio kimoja: asubuhi gari linagoma kuwaka, na usiku taa zinafifia kila besi inapopiga.

Fundi anakwenda dukani, anarudi na alteneta ya mtumba iliyotolewa kwenye gari kubwa zaidi. Ya zamani ilikuwa ya ampea 70, hii ni ya 150. Anaichongea breketi, anaifunga, kisha anachukua waya ule ule uliokuja na gari kutoka Japani na kuukaza kwa nati ile ile. Injini inawaka, taa zinang'aa, muziki unapiga, mteja analipa na kuondoka.

Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Kiwanda kilipotengeneza gari lile kilipima unene wa waya wake kwa alteneta ya ampea 70, na fyuzi yake kikaipima kwa kipimo hicho hicho. Leo chanzo cha umeme kimekuwa mara mbili, na njia ya kuupitisha haijaguswa. Msimamo wangu ni kwamba kazi hii inaanzia kwenye waya, kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, na kwenye fyuzi. Alteneta ni ya mwisho, na wengi wakishayamaliza hayo ya mwanzo wanakuta hawaihitaji tena.

Naomba tupige hesabu kidogo. Chukua waya wa shaba wa milimita 8 za mraba, urefu wake mita 2, kutoka kwenye alteneta hadi kwenye betri. Ukipitisha ampea 60, unapoteza njiani robo ya volti, na joto linalozaliwa ndani ya waya ni wati 15 hivi. Waya unakuwa vuguvugu, basi. Sasa pitisha ampea 120 kwenye waya huo huo. Zinazopotea zinakuwa nusu volti, ila joto halizidi mara mbili. Linazidi mara nne, linafika wati 62. Na waya wenyewe haupigwi na upepo. Umebanwa pamoja na nyaya nyingine ndani ya bomba la plastiki, unapita karibu na ekzosi, mahali ambapo hewa ni ya moto hata kabla umeme haujapita. Ganda lake linakauka, linakuwa gumu, na baada ya miezi kadhaa linapasuka pale linapogusa chuma.

Hayo ni ya waya mzima. Kwenye maungio mambo ni mabaya zaidi. Nati ikilegea kidogo, au chini ya washa kukawa na kutu na rangi, panazaliwa ukinzani mdogo sana, tuseme sehemu 5 katika elfu moja za omu. Huwezi kuuona kwa macho. Lakini ampea 120 zikipita hapo zinaacha wati 72, na zote zinaishia kwenye sehemu isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Kile chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi kwa kawaida ni cha wati 40 au 60. Kwa hiyo umeweka chuma cha namna hiyo chini ya boneti, kimewashwa, na hakuna anayekiangalia.

Kwa nini basi magari hayaungui siku ile ile alteneta inapofungwa? Kwa sababu alteneta haisukumi umeme kwa nguvu. Ndani yake kuna regyuleta inayoshikilia volti zisizidi 14 na kitu, iwe ni ya ampea 70 au 150. Kinachoamua ampea ngapi zipite ni vifaa vinavyovuta, pamoja na betri ilivyoishiwa chaji. Ndiyo maana wanaoogopa kwamba alteneta kubwa itaunguza redio wanaogopa kitu kisichokuwapo. Hatari iko kwenye waya, na inasubiri siku yake. Siku hiyo ni ile ya masika: gari limeamka betri ikiwa chini, limesukumwa, limewaka, dereva akawasha taa, waipa, kiyoyozi na muziki kwa mkupuo mmoja, na betri iliyoishiwa nayo inavuta chake. Ndipo ampea 120 zinapotafuta njia kupitia waya uliotengenezewa 70.

Sasa, kabla ya kununua chochote, pima. Mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ukisoma 12.2, imebaki nusu. Washa injini. Kwa magari mengi inapaswa kupanda kati ya 13.8 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta imekufa na betri inachemshwa. Hilo ni la kutengeneza leo, si kesho. Ziko gari za siku hizi ambazo kompyuta zake hushusha chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo ukikuta volti ziko chini kwenye gari jipya usikimbilie kulaumu alteneta.

Halafu kuna kipimo ambacho mafundi wachache hukifanya, nacho ndicho kinachosema ukweli. Injini ikiwa inaunguruma na kila kitu kimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye bolti ya chaji nyuma ya alteneta, na ncha nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri chenyewe. Mita itakuonyesha volti zinazopotelea njiani. Zikizidi 0.3, waya au maungio yana kasoro. Kisha hamisha: ncha moja kwenye ganda la alteneta, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Hapa ukikuta zaidi ya 0.2, ethi ni mbovu.

Kipimo hiki cha pili nilikishuhudia kikifanya kazi hapo Gerezani. Kijana mmoja alifika kwa fundi mzee na Noah yake, alteneta ya ampea 150 iko kwenye kiroba. "Shikamoo mzee. Nifungie hii leo leo, kesho nina safari ya Tanga."

"Marahaba. Iweke kwanza chini, kijana wangu. Washa gari, halafu washa na huo muziki wako."

Mzee akapima kwenye betri, ikasoma 13.1. Akapima upande wa chanya, hakukuwa na shida kubwa. Akagusa ganda la alteneta na hasi ya betri: 0.9. Karibu volti nzima ilikuwa inapotea upande wa kurudia. Akaingiza mkono chini ya betri, akaufuata ule waya mfupi wa kusuka unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, akaufungua kwa spana ya 12. Ulitoka na unga wa kijani. Nyuzi zaidi ya nusu zilikuwa zimekatika, zilizobaki zimeliwa. Akapiga msasa pale kwenye bodi mpaka chuma kikawa cheupe, akafunga waya mpya mnene wenye vichwa vilivyobanwa vizuri, akapaka grisi juu ili maji yasiingie. Gari likawashwa tena, muziki ule ule. Ganda na hasi: 0.1. Kwenye betri: 13.9. Alteneta ikarudi kwenye kiroba.

Nimekaa kwenye jambo hili kwa sababu ethi ndiyo inayosahaulika kuliko kitu kingine chochote. Kila ampea inayotoka kwenye chanya lazima irudi nyumbani. Injini imekalia mpira, kwa hiyo haigusani na bodi kama watu wanavyodhani. Alteneta na stata zote zimefungwa kwenye injini, kwa hiyo umeme wao wote unapita kwenye waya mmoja au miwili ya ethi. Ikikatika, umeme unatafuta njia nyingine. Kuna magari ambayo umeme wa stata umerudi kupitia kebo ya eksileta, ile ya chuma, ikapata moto mpaka ganda lake likayeyuka, na mwenye gari akawa anabadilisha kebo kila mara bila kujua kiini chake. Na sisi tunaoishi Pwani, Tanga, Unguja, Mombasa, Lamu, hewa yetu ina chumvi. Ethi ambayo bara ingekaa miaka mingi, huku inaliwa upesi.

Kwa hiyo anayetaka kuongeza nguvu ya umeme kwenye gari lake aanze na nyaya tatu: ule wa chanya kutoka kwenye alteneta hadi kwenye betri, ule wa hasi kutoka kwenye betri hadi kwenye bodi, na ule wa kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi au chasisi. Ukinenepesha wa kwanza ukaacha hizo mbili za ethi, hujafanya kitu, maana mkondo ule ule unapita kote.

Lipo jambo moja hapa ambalo ningependa likome kabisa katika gereji zetu. Fundi anataka kujua kama alteneta inachaji, basi injini ikiwa inaunguruma anachomoa teminali ya betri. Gari likiendelea kuunguruma, anasema alteneta ni nzima. Mtindo huu umerithiwa tangu enzi za dainamo, magari yalipokuwa hayana dayodi za kuumia wala kompyuta. Alteneta ilianza kuenea kwenye magari ya abiria baada ya Chrysler kuiweka kwenye Valiant ya 1960, na tangu hapo sababu ya kuchomoa teminali imekwisha. Alteneta inapokuwa inatoa ampea nyingi na ghafla betri ikaondolewa, sumaku iliyomo ndani haiwezi kushuka papo hapo. Kwa sehemu ndogo ya sekunde volti zinaruka, na bila kizuizi zinaweza kupita 80. Alteneta nyingi za sasa zina dayodi za kukata kilele hicho, lakini hata zenyewe huacha volti 30 na zaidi zipite kwenye kompyuta ya injini, redio na taa. Mita ya bei ndogo inakupa jibu lile lile pasipo kumwumiza mtu mfuko. Msikilizaji, ukimwona fundi anashika teminali ya gari lako injini ikiwaka, mzuie kwa heshima, lakini mzuie.

Tuseme umepima, umetengeneza ethi, na bado umeme hautoshi. Basi jumlisha matumizi yako kwa kweli. Gari lenyewe, usiku wa mvua na kiyoyozi kikiwaka, linaweza kula ampea 40 hadi 50. Inveta ya wati 1000 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inavuta karibu ampea 95 kwenye betri ya volti 12. Amplifaya usiisome pale nje palipoandikwa wati 3000. Geuza ubavu, angalia fyuzi zake. Kama ina fyuzi 2 za ampea 30, haiwezi kuvuta zaidi ya 60 kwa muda mrefu, na hizo ni wati mia nane na kitu, haidhuru kibandiko kinasema nini.

Hata namba ya alteneta nayo uisome kwa uangalifu. Ampea 150 zilizoandikwa juu yake kwa kawaida zimepimwa ikizunguka mizunguko 6,000 kwa dakika. Puli yake huizungusha mara mbili na nusu au tatu kuliko injini. Injini ikiwa inaunguruma taratibu kwenye foleni ya Ubungo, alteneta inazunguka kama mara 2,000 tu, na hapo inaweza kutoa nusu ya namba ile au pungufu, na joto la chini ya boneti linaipunguza tena. Mwenye matatu anayekaa nusu ya siku kwenye foleni anapaswa kuuliza muuzaji inatoa ngapi katika mizunguko midogo. Wako wanaoweka puli ndogo ili izunguke haraka. Hapo mkanda unateleza kwa sababu umeshika sehemu ndogo, na kwenye barabara kuu, mguu ukikandamiza mafuta, alteneta inazungushwa kupita kiwango chake.

Mkanda nao una kazi. Ampea 150 kwa volti 14 ni wati 2,100 zinazotoka, na kwa kuwa sehemu kubwa hupotea kama joto, alteneta inaweza kudai karibu nguvu za farasi 5 kutoka kwenye injini. Mkanda mmoja mwembamba wa zamani haubebi mzigo huo kwa muda mrefu. Ule mpana wenye mifereji unabeba, mradi umekazwa sawasawa. Ukisikia mlio mkali asubuhi gari linapowaka, usiumwagie mkanda maji wala sabuni. Kagua mkanda na puli.

Twende dukani sasa kununua waya. Nunua kwa milimita za mraba za shaba, usinunue kwa unene unaouona nje. Kuna nyaya zenye ganda nene kama kidole na ndani shaba kidogo. Mbaya zaidi, kuna nyaya za alumini iliyopakwa shaba, zinazouzwa sana kwenye vifurushi vya kufungia muziki wa gari. Alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba ya unene ule ule, huchoka upesi kwa mtikisiko, na hulegea kwenye nati. Kuzitambua si kazi: kata kipande, chukua nyuzi chache, zikwaruze kwa kisu. Zikiwa nyeupe ndani, rudisha. Ukiunyanyua waya mkononi pia utauona mwepesi kupita kiasi.

Kwa alteneta ya ampea 120 hadi 150 na urefu usiozidi mita 2, mimi napendekeza milimita 35 za mraba. Ikikaribia 200, nenda 50. Nyuzi ziwe nyingi na nyembamba, maana gari linatikisika. Waya wa umeme wa nyumba wenye nyuzi chache nene utakatika. Huku kwetu waya mzuri unaopatikana kirahisi ni ule wa mashine ya kuchomelea vyuma. Una shaba nyingi laini na unapindika vizuri. Kasoro yake ni kwamba mpira wake wa nje mara nyingine hauvumilii mafuta ya injini, kwa hiyo uvishe bomba la plastiki lenye mikunjo na uupitishe mbali na ekzosi.

Kichwa cha waya kibanwe kwa mashine ya kubania, ile ya mkono yenye meno ya pembe sita. Kupondaponda kwa nyundo kunaacha nafasi ndani, na nafasi hizo zinaingiza maji. Kujaza risasi peke yake nako sikushauri: risasi hupanda ndani ya nyuzi, huzifanya ngumu, na zinakatika palepale ugumu unapoishia. Tena inayeyuka kwenye nyuzi joto 180 na kitu. Mahali palipolegea na kupata moto, ndipo risasi inapotoka na kichwa kinachomoka kikiwa hai.

Fyuzi sasa. Fyuzi hailindi amplifaya wala alteneta. Inalinda waya. Betri ya kawaida ya gari, ikipigwa shoti, inaweza kumwaga mamia ya ampea, hata zaidi ya elfu, kwa sekunde za kutosha kuuwasha waya mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa sababu betri ndiyo yenye nguvu hiyo, fyuzi inakaa karibu na betri, ndani ya sentimita 30 hivi. Nimeona fyuzi nzuri ya bei kubwa imefungwa kwenye buti, kando ya amplifaya, na mita 4 za waya kutoka kwenye betri hazina ulinzi wowote. Waya huo unapita chini ya zulia, chini ya miguu ya abiria. Ukisagwa na reli ya kiti ukagusa bodi, fyuzi ya kule nyuma haitajua kitu.

Kwa waya wa alteneta, chagua fyuzi inayozidi kidogo kile alteneta inachoweza kutoa, lakini isiyozidi kile waya unachoweza kubeba. Alteneta ya 130, waya wa milimita 35, fyuzi ya 150: hapo vitu vitatu vinaelewana. Tumia zile fyuzi bapa za kukazwa kwa bolti, za aina ya ANL au MEGA, kwenye kikasha chenye kifuniko.

Na ile fyuzi kubwa ya kiwandani, kwenye Toyota nyingi imeandikwa ALT, na mara nyingi ni ya 100 au 120? Iache. Waya wa zamani nao uache mahali pake, ule mpya uende sambamba nao ukiwa na fyuzi yake mwenyewe. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba alteneta kubwa imefungwa, fyuzi ya ALT imekatika, na kwa kuwa hiyo ya bolti haipatikani duka la jirani, fundi ameiunganisha kwa kipande cha waya wa shaba. Tangu dakika hiyo gari halina ulinzi. Siku dayodi za alteneta zikipiga shoti, na alteneta ya mtumba iliyokwisha kula maisha yake Japani inaweza kufanya hivyo, betri itarudisha umeme wake wote nyuma kupitia waya huo, hata gari likiwa limeegeshwa na ufunguo uko mfukoni. Ndiyo maana gari linaweza kuwaka moto usiku uani, watu wamelala.

Siku ya kazi yenyewe, zima injini, toa ufunguo, vua pete, saa na bangili. Pete ikiunganisha chanya na bodi inakuwa nyekundu kabla hujapiga kelele. Fungua hasi kwanza. Sababu ni hii: ukianza na chanya, spana ikiteleza ikagusa bodi, umepiga shoti betri nzima mkononi mwako. Hasi ikishatoka, spana ikigusa bodi hakitokei chochote. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Na usivute sigara hapo wala kuwasha kiberiti ili kuchungulia kiwango cha maji ya betri. Betri inapochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka, na kinachorushwa usoni ni tindikali.

Kila waya unapopita kwenye tundu la chuma, tundu hilo liwe na mpira wake. Ufunge kila baada ya sentimita 30, na uuachie ulegevu kidogo kati ya injini na bodi, kwa sababu injini inacheza kila unapokanyaga mafuta. Betri nayo ishikwe na kishikio chake cha chuma. Gari ngapi barabarani betri zimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli! Ukiipandisha kutoka saizi ya NS60 kwenda N70, hakikisha inaingia kwenye trei yake na kichwa cha chanya hakifiki kwenye boneti. Funika kichwa hicho kwa kifuniko cha plastiki hata kama hakifiki.

Wenzetu wa utalii wanaofunga betri ya pili kwa ajili ya friji wana la ziada. Waya wa kati ya betri mbili una chanzo cha umeme kila mwisho, kwa hiyo unahitaji fyuzi 2, moja kila upande. Pawepo na rilei ya kuzitenganisha injini ikizimwa, la sivyo friji itakula betri zote mbili na mtabaki porini. Na kama betri hiyo ya pili ni ya lithiamu, msiiunge moja kwa moja na alteneta. Lithiamu inavuta kila ampea inayopatikana, bila kupunguza, na alteneta inayolazimishwa kutoa nguvu zake zote injini ikiunguruma taratibu gari likiwa limesimama inaweza kuungua yenyewe. Kuna chaja maalumu za kukaa katikati zinazopunguza mkondo huo. Gharama yake iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Na kwenye magari mapya, ukiona kijidubwasha chenye waya mdogo kimeshikana na teminali ya hasi, hicho ndicho kinachoipa kompyuta hesabu ya umeme unaoingia na kutoka kwenye betri. Ethi ya amplifaya usiifunge juu ya kichwa cha betri, maana umeme wake utakwepa kipimo hicho na kompyuta itachaji kwa hesabu ya uongo. Ifunge kwenye bodi.

Kazi ikiisha, rudia vile vipimo viwili, vitu vyote vikiwa vimewashwa. Upande wa chanya usizidi 0.2, upande wa ethi uwe karibu na 0.1. Baada ya wiki moja fungua boneti tena, hasi ikiwa imetolewa, na ukaze nati zote upya, kwa sababu shaba mpya hujilaza chini ya washa na nati hulegea hata kama ilikazwa vizuri. Nunua fyuzi ya akiba yenye ampea zile zile, iweke kwenye droo ya dashibodi pamoja na spana yake, na kama gari linaendeshwa na mtu mwingine, mwonyeshe ilipo na umwambie kwamba ikikatika mara ya pili asiweke nyingine, azime gari na akupigie simu.